Ukuta Uliolowa: Mvua, Ukarabati na Ruhusa ya Kukaa Biryogo

Historia ya Biryogo imezoeleka kuandikwa kutoka msikitini na sokoni. Tunasoma juu ya askari na wafanyabiashara waliokuja na Wajerumani kutoka pwani na Tanganyika, juu ya Msikiti wa Al-Fatah uliojengwa Nyamirambo mwaka 1913, na juu ya Kiswahili kilichoishi katika mitaa hii miaka mingi kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hayo yote yana waandishi wake. Insha hii inaanzia penginepo, yaani kwenye ukuta wa nyumba baada ya mvua kubwa. Nyumba ikiingia maji Biryogo, nani huirudisha katika hali yake, kwa vifaa gani, na kwa ruhusa ya nani? Nitajaribu kuonyesha kwamba hiyo sehemu ya mwisho ya swali, ruhusa, imeziathiri nyumba hizi kuliko mvua yenyewe.

Kwanza maji. Biryogo iko kwenye mteremko wa kilima cha Nyarugenge, na maji yake hushuka kuelekea bonde la Rwampara. Kigali hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa za misimu miwili: itumba, yaani masika ya Machi hadi Mei, na umuhindo, vuli ya Septemba hadi Desemba. Kiasi hicho si cha kutisha. Kinachotisha ni namna kinavyoanguka, kwa saa moja au mbili, juu ya mabati yaliyobanana. Tufanye hesabu ndogo. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 7, ikinyeshewa milimita 40, humwaga zaidi ya lita 2,200, sawa na madumu 110 ya lita 20. Kama paa halina mifereji ya kukinga maji, madumu hayo yote huanguka chini ya ukuta, na mara nyingi ukuta huo ni wa jirani. Nusu ya ugomvi wa majirani katika mitaa ya namna hii, ambao huishia kwa kiongozi wa umudugudu au kwa abunzi, ni ugomvi wa matone.

Ukuta wenyewe ni wa nini? Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa rukarakara, matofali ya udongo yaliyokandwa, yakatiwa kwenye kibao na kukaushwa juani bila kuchomwa. Watu wengi huyadharau matofali haya, na nadhani wanayaonea. Ukuta wa rukarakara uliosimama juu ya msingi wa mawe, wenye paa lililotokeza nje vya kutosha, hudumu miongo mingi na ndani yake huwa na ubaridi mzuri wakati wa jua. Adui yake ni mmoja tu. Maji yakisimama chini ya ukuta, udongo huyavuta kwenda juu kama utambi unavyovuta mafuta. Mstari wa unyevu hupanda kidogo kidogo, chumvi nyeupe hutokea kwenye rangi, kisha kuvu, kisha tofali la chini hulainika na kuanza kumomonyoka. Nyumba haianguki siku ya mvua kubwa. Huanguka mvua ya tano au ya sita, nyingine hata usiku usio na mvua, watu wakiwa wamelala.

Fundi anayejua kazi yake huanza kwa kugonga. Lipu iliyoachana na ukuta hutoa sauti ya debe tupu. Hiyo huvuliwa yote, kupita kidogo mahali maji yalipofikia, na ukuta huachwa wazi ili upumue. Kisha husubiri, si siku mbili, bali majuma kadhaa, madirisha yakiwa wazi mchana, godoro na makabati yakiwa yametolewa kwenye ukuta. Matofali yaliyooza chini hutolewa machache machache na mawe kuingizwa mahali pake. Udongo hurudishwa kwa udongo au kwa chokaa. Mwisho kabisa, na kwa kweli ingefaa iwe mwanzo, maji hupewa njia nyingine ya kupita.

Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume cha hayo. Saruji hupigwa juu ya ukuta ambao bado umelowa, kwa sababu mpangaji hana pa kulala majuma matatu na mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi. Kwa macho nyumba imepona. Lakini saruji ngumu hairuhusu udongo ulio nyuma yake kukauka, kwa hiyo unyevu hubaki ndani na kuendelea kupanda, na baada ya misimu miwili ganda zima hubanduka likiwa limeshika udongo mgongoni. Kosa hili si la Biryogo peke yake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wahifadhi wamekuwa wakilalamikia saruji inayopakwa juu ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa kwa sababu hiyo hiyo. Unguja kuna sheria na idara za kuzitetea kuta hizo, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 baada ya miaka mingi ya kuharibika. Biryogo hakuna idara ya kutetea rukarakara.

Kwa nini basi watu walizoea kiraka badala ya ukarabati kamili? Jibu la haraka ni umaskini, na sehemu yake ni kweli. Lakini historia ina jibu jingine.

Wabelgiji walioichukua Rwanda kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 waliwaona Waislamu kama wageni na kama watu wa kutiliwa shaka. Katika miaka ya 1920 walitengewa makao yao upande huu wa Kigali, yakaitwa Camp Swahili. Neno kambi lenyewe linatosha kusomwa. Wakazi wake walijulikana kwa biashara, udereva na ufundi, si kwa mashamba, maana ardhi ya kulima haikuwa yao, na hata kutoka kambini kwenda kwingine kulihitaji kibali. Mtu aliyepewa mahali pa kukaa bila kupewa ardhi hujenga vipi? Hujenga kwa kitu anachoweza kukiacha. Udongo uko chini ya miguu yake, haumgharimu ila jasho, na siku atakapofukuzwa hasara yake ni ndogo. Kwangu mimi rukarakara ya Biryogo haikuwa ishara ya ujinga wa kujenga. Ilikuwa jibu la busara kwa haki iliyokuwa nyepesi. (Inafaa kukumbuka pia kwamba katika Kinyarwanda umuswahili hakuwa tu mtu wa pwani. Alikuwa Mwislamu, mtu wa mjini, mjanja asiye na ng'ombe. Jina hilo lilibeba hukumu ndani yake, na wajukuu wa waliobandikwa wamelivaa kwa fahari.)

Baada ya uhuru wa 1962 Kigali ikawa mji mkuu ikiwa na watu elfu chache tu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7. Kati ya tarehe hizo mbili nyumba za Biryogo ziliongezwa vyumba vya uani, vyumba vikaongezwa vyumba, na ardhi iliyokuwa ikinywa mvua ikafunikwa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ambayo katika mitaa hii yanakumbukwa pia kwa Waislamu waliowaficha majirani zao, yaliacha nyumba nyingi za Kigali bila wenyewe. Katika miaka iliyofuata, maelfu waliorudi kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania walitafuta pa kuishi mjini. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuwaza mitaro. Kila chumba kipya kilikuwa bati jipya, na kila bati jipya lilimwaga maji yake kwa aliye chini.

Mabadiliko makubwa ya haki yalikuja na sheria ya ardhi ya 2005 na uandikishaji wa viwanja uliofuata, ambao ulisajili zaidi ya viwanja milioni 10 nchi nzima. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa mkazi wa kambi aliweza kushika karatasi yenye jina lake. Ungetegemea kwamba hapo watu wangeacha viraka na kutengeneza nyumba zao vizuri. Lakini wakati huo huo ulikuja mpango mkuu wa mji. Wakazi wa Kiyovu cy'abakene, jirani kabisa na Biryogo, walihamishwa kuanzia mwaka 2008 na wengine kupelekwa Batsinda, na mpango wa 2013 ulichora mji ambao ndani yake nyumba ya udongo haikuonekana. Mitaa kama hii iliitwa akajagari, neno ambalo Kiswahili kingelitafsiri kama vurugu au mambo ovyoovyo. Kukarabati nyumba kulihitaji kibali, na kibali kiliangalia mpango. Mwenye hati sasa alikuwa na ardhi, ila hakuwa na hakika kwamba nyumba iliyo juu yake ina kesho. Nani atabadilisha msingi wa nyumba ambayo huenda ikabomolewa? Kiraka kikaendelea. Babu alikipiga kwa kukosa hati, mjukuu anakipiga akiwa nayo.

Hapa pana hoja ya upande wa pili, na haipaswi kupuuzwa. Serikali haihamishi watu kwa sababu ya sura ya mji tu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130, hasa katika Mkoa wa Magharibi, na kuharibu nyumba zaidi ya 5,000. Nyingi zilikuwa za udongo, na mto Sebeya kule Rubavu haukumwuliza mtu hati. Mwishoni mwa 2019 jiji la Kigali lilianza kuondoa watu kwenye ardhi oevu, na msimu ule ule wa mvua watu walikufa ndani ya mji. Kuna mahali ambapo kukarabati ni kumrudisha mtu kwenye kaburi lake.

Lakini kuhamisha nako kuna historia yake. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40, waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Baadhi yao walirudi bondeni, kwa kuwa riziki ilibaki mjini. Biryogo pia ni mahali pa riziki: gereji, vipuri, chai, brosheti, biashara ya hatua chache kutoka mlangoni. Na Biryogo si bonde la Sebeya. Sehemu yake kubwa ni mteremko ambao hatari yake inatokana na maji yasiyoongozwa, na maji yanaweza kuongozwa.

Hilo limeshaonekana. Mradi wa kuendeleza miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2016, ulichagua eneo la Agatare, likijumlisha Biryogo, Kiyovu na Rwampara, kuboreshwa watu wakiwa mahali pao. Vichochoro vilipata njia ngumu, mitaro ya mawe na taa. Mtaro hauvutii watalii. Wao hupiga picha barabara zilizopakwa rangi, zile zilizofungwa kwa magari mwaka 2021 wakati wa Korona na kuwa ukumbi wa mikahawa. Lakini kwa nyumba ya rukarakara, mtaro unaopita mbele ya mlango umefanya kazi ambayo mifuko mingi ya saruji haikuweza. Mpango mkuu mpya wa 2020 nao umelegeza msimamo na kukubali kwamba mitaa inaweza kuboreshwa kidogo kidogo, na mwaka 2019 ilitoka miongozo ya kujenga kwa rukarakara mahali panaporuhusiwa. Tofali lililokuwa aibu limeingia kwenye karatasi za serikali.

Hata hivyo miongozo hiyo inazungumza zaidi juu ya nyumba mpya. Nyumba ya zamani iliyolowa, ambayo inahitaji mawe kwenye msingi, majuma ya kukauka na lipu inayopumua, bado hupitia mlango ule ule wa kibali, na mafundi wanaojua kupaka chokaa juu ya udongo wanapungua kwa sababu vijana hujifunza saruji peke yake. Mifereji ya paa na matangi ya kukinga mvua yanahimizwa na jiji, lakini ni gharama ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba mara nyingi haishi ndani yake. Mtaro nao hujaa. Taka na mchanga vikiziba pembeni, maji hurudi ukutani kama zamani, na kazi ya kuuzibua huangukia umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walio juu hutumia dakika chache. Walio chini, karibu na Rwampara, ambako mitaro yote ya mteremko huishia, hukaa na koleo mpaka adhuhuri.