Aumiapo Mgeni

Mtu apigapo hodi na kuitikiwa karibu, huingia bila ya kuuliza kama ngazi ni imara au kama mbwa amefungwa. Huamini ya kuwa mwenye nyumba amekwisha kuyaangalia hayo. Je, akiteleza akavunjika mguu, gharama ya dawa na ya siku atakazolala bila kazi itakuwa juu ya nani? Swali hili lina umri wa karibu miaka elfu nne katika maandishi ya wanadamu, na jawabu lake limegeuka mara nyingi.

Mimi nilikutana nalo nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Jirani yetu alichimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake, akalifunika kwa matawi na majani ya migomba huku akingoja kupata mbao. Jioni moja shemeji yake alikuja kumtazama. Giza lilikuwa limeanza kuingia, naye akazunguka nyuma kwenda kunawa, akatumbukia, akavunjika paja. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Wazee waliketi, na jirani yetu akauza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa ili alipe hospitali. Shemeji alipona lakini akabaki akichechemea, na watoto wa jirani wakakosa karo muhula ule. Pande zote mbili zilipata hasara, wala hapakuwa na uadui baina yao.

Miongoni mwa sheria za kale sana zinazogusa jambo hili ni zile zilizochongwa juu ya jiwe jeusi ambalo Wafaransa walilifukua huko Susa, katika nchi ya Iran, mwaka 1901 na 1902, na ambalo sasa limo katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Ni sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala katika karne ya 18 kabla ya Kristo. Mwashi aliyejenga nyumba ikaanguka ikamwua mwenyewe, aliuawa. Ikiwa aliyekufa ni mtoto wa mwenye nyumba, aliuawa mtoto wa mwashi. Ukali huo watutisha. Lakini karibu yake imo sheria nyingine yenye busara kubwa zaidi. Ng'ombe akimpiga mtu pembe njiani na kumwua, hapana dai. Lakini kama mwenye ng'ombe alikwisha kuonywa na watu wa mtaa wake ya kuwa mnyama huyo hupiga, naye asimfunge wala asizikinge pembe zake, basi atalipa nusu ya mina ya fedha kwa kila mtu huru aliyeuawa. Hapo tayari tunaona fikira iliyoishi hata leo: je, mwenye mali aliijua hatari, na baada ya kuijua alifanya nini?

Torati nayo iliwaamuru Waisraeli kujenga ukingo kuzunguka dari za nyumba zao, maana dari zilikuwa bapa kama zile za majumba ya mawe ya Lamu, na watu walipumzika juu yake. Tena aliyeacha shimo wazi akatumbukia ng'ombe au punda wa mtu mwingine, alimlipa mwenye mnyama. Jirani yetu angaliielewa sheria hiyo bila mkalimani.

Warumi walikuwa na taabu ya namna nyingine. Mji wao ulijaa majumba ya kupangisha, marefu hata Kaisari Augusto akaweka kikomo cha futi 70 za Kirumi, na wapangaji wa juu walikuwa na tabia ya kumwaga maji machafu na kutupa vigae dirishani. Mpita njia aliyepasuliwa kichwa angewezaje kujua ni mkono wa nani uliotupa? Hakimu wa Rumi akakata shauri kwa amri moja: alipe mkaaji wa chumba kilichotoka kitu hicho, hata kama aliyetupa ni mtumwa wake au mgeni wake. Kitu kikiharibika, alilipa maradufu ya hasara. Mtu huru akifa, alilipa sarafu 50 za dhahabu. Akijeruhiwa tu, alilipa kadiri hakimu alivyoona ni haki. Katika kukadiria, mahakama ilihesabu malipo ya tabibu na ujira wa siku zilizopotea, lakini haikuhesabu makovu, kwa kuwa Warumi walishika kwamba mwili wa mtu huru hauna bei. Tazama, msomaji, ya kuwa aliyeshikwa ni mkaaji, siye mwenye jumba. Tofauti hiyo tutaikuta tena Nairobi.

Sasa twende Uingereza, kwa sababu sheria ya huko ndiyo iliyokuja Kenya. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwenye shamba wa Kiingereza aliweza kutega bunduki bustanini kwa uzi, mtu akiukanyaga bunduki ikajilipua. Mwaka 1825, karibu na Bristol, mtu mmoja alitega bunduki ya namna hiyo ili kulinda maua yake ya tulipu, wala hakuweka tangazo. Kijana wa miaka 19 akaruka ukuta mchana, si kuiba ua, bali kumrudisha ndege wa jirani aliyepotelea humo; akapigwa goti. Bunge lilipiga marufuku mitego hiyo mwaka 1827, isipokuwa ndani ya nyumba ya kuishi wakati wa usiku, na mwaka 1828 mahakama ikampa kijana yule haki yake.

Lakini aliyeonewa zaidi na sheria ya Kiingereza, kwa maoni yangu, alikuwa mgeni mwenyewe. Mwaka 1856 mtu mmoja alimtembelea mwenzake mwenye hoteli, na alipokuwa akitoka, kioo kikachomoka mlangoni kikamwangukia. Mahakama ikamnyima fidia. Majaji walisema ya kuwa mgeni awapo nyumbani huwa kama mmoja wa jamaa, na mmoja wa jamaa huzipokea hatari za nyumba kama wenyeji wazipokeavyo. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Majaji wale walimkabidhi jembe mgeni wao siku ya kwanza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1866, fundi wa gesi aliyekwenda kupima mitambo katika kiwanda cha sukari alitumbukia katika shimo lisilo na uzio, naye akashinda kesi, kwa sababu alikuja kwa shughuli yenye faida kwa mwenye kiwanda. Ikawa ndiyo kanuni: aliyekuja kwa biashara alindwe vema, aliyekuja kwa urafiki aonywe tu juu ya hatari iliyofichika ambayo mwenyeji aijua, aliyeingia bila ruhusa asitarajie kitu, ila asidhuriwe kwa makusudi. Rafiki aliyealikwa chakula cha jioni alikuwa na haki ndogo kuliko fundi wa mfereji. Kanuni hiyo ilidumu hata mwaka 1957, Bunge la Uingereza lilipowaunganisha wageni wote halali chini ya wajibu mmoja wa uangalifu wa kadiri ya akili. Walioingia bila ruhusa, na wengi wao huwa ni watoto, walingoja hata sheria ya mwaka 1984.

Haki pasipo fedha haimponyi mtu mguu. Hapo ndipo bima ilipoingia, nayo ilichelewa sana. Moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, uliozuka katika duka la mwoka mikate, uliteketeza nyumba zipatazo 13,200, na katika miaka ya 1680 ikaanza bima ya moto. Lakini bima ile ilimlipa mtu hasara yake mwenyewe. Kumlipia mtu hasara aliyomtia mwenziwe kulionekana kuwa jambo la hatari kwa maadili. Wengi waliogopa ya kuwa mtu akijua kwamba makosa yake yatalipiwa, ataacha kujihadhari. Mwaka 1880 sheria mpya ya Uingereza iliwafunga waajiri kulipa fidia kwa wafanyakazi walioumia, na mwaka uo huo ikaundwa kampuni mjini London ya kuwakatia waajiri bima ya dhima. Hofu ile haikuisha, lakini ilipata majibu: bima hailipi madhara ya makusudi, na mwenye ajali nyingi hutozwa ada kubwa zaidi au hukataliwa. Na kwa hakika msingi wake si mgeni kwetu. Chama cha kuzikana hufanya vivyo hivyo: wengi watoa kidogo kila mwezi, na yule aliyefikwa hachukui mzigo peke yake.

Bima ya dhima ilipata makao yake makubwa nyumbani kwa Mmarekani wa kawaida. Kabla ya mwaka 1950 alinunua hati moja ya moto, nyingine ya wizi, nyingine ya dhima, kwani sheria za majimbo kwa muda mrefu zilizuia kampuni moja kuuza aina zote. Vizuizi hivyo vilipolegezwa, kampuni moja ya Philadelphia ilitoa mwaka 1950 hati moja iliyokusanya yote, na kampuni nyingine zikafuata. Katika hati ya namna hiyo dhima mara nyingi huanzia kikomo cha dola 100,000, na kampuni humwekea mwenye nyumba wakili wa kumtetea. Kando yake liko fungu dogo la matibabu, kwa kawaida baina ya dola 1,000 na 5,000, ambalo hulipwa kwa mgeni aliyeumia bila ya kuuliza kosa ni la nani. Hilo ndilo napenda zaidi katika mpango wote, kwa sababu laweza kuuzima ugomvi kabla haujawaka. Wanaoishi nyumbani humo hawalipwi kwalo.

Mwaka 1968 mahakama kuu ya jimbo la California iliamua kesi ya mgeni aliyekatwa mkono na kishikio cha bomba kilichopasuka katika bafu la mwenyeji wake. Mwenyeji alijua kishikio ni kibovu. Alikwisha kumlalamikia mwenye jumba wiki kadhaa kabla. Lakini hakumwonya mgeni. Mahakama ikazifuta zile daraja za kale za wageni, ikasema swali ni kama mtu ametumia uangalifu ufaao. Majimbo mengine yalifuata, mengine yakakataa. Wala bima haikuondoa aibu yote. Mwaka 2015, huko Connecticut, mwanamke mmoja alicheka-chekwa na ulimwengu kwa kumshtaki mtoto wa ndugu yake, ambaye alipokuwa na umri wa miaka minane alimrukia kwa furaha siku ya kuzaliwa kwake, shangazi akaanguka akavunjika kifundo cha mkono. Mawakili wake walieleza baadaye ya kuwa sheria ya huko haikumruhusu kuishtaki kampuni ya bima ya nyumba moja kwa moja; ilimbidi ataje jina la mtoto. Baraza la wazee wa mahakama halikumpa kitu.

Kenya ilipata sheria yake ya dhima ya wakaaji, ambayo ni sura ya 34, kwa mfano wa ile ya Kiingereza ya mwaka 1957. Yasema mkaaji lazima atazamie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima, na ya kuwa kibao cha onyo hakimwokoi ikiwa hakitoshi kumweka mgeni salama; kibao cha mbwa mkali hakina faida kwa mtoto asiyejua kusoma. Kampuni za bima nazo huuza hati ya nyumba yenye mafungu, na ndani yake dhima ya mwenye jumba imetengwa na dhima ya mkaaji. Reli ya ngazi ya jumba la ghorofa iliyolegea ni jambo la mwenye jumba; sabuni iliyomwagika sakafuni mwa mpangaji ni la mpangaji.

Jirani yetu hakuwa na hati yoyote, na hata leo hana. Choo chake kilifunikwa kwa zege mwaka ule ule, na shemeji yake ndiye aliyeshika kolego.