Ogani ya Albert, Sauti ya Victoria

Wanaosimulia ndoa ya Malkia Victoria wa Uingereza na Albert huutaja muziki kama pambo la jioni tu: piano imefunguliwa, wawili wamekaa bega kwa bega. Naona wanaupunja. Victoria ndiye aliyeposa, Oktoba 1839, maana hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kumposa malkia. Na walipooana Februari 1840, Albert alijikuta mume asiye na kauli katika mambo ya dola. Muziki ulikuwa mahali pamoja ambapo kijana huyu wa Kijerumani, mpiga ogani na mtunzi wa nyimbo, aliweza kumtangulia mkewe bila kumkera waziri yeyote. Naye hakuchelewa. Mwaka uleule bendi ya malkia, iliyokuwa ya ala za kupuliza, aliigeuza kuwa okestra kamili yenye ala za nyuzi.

Julai 1842 mtunzi Mjerumani Felix Mendelssohn alialikwa kwenye kasri la Buckingham. Albert alipiga ogani, malkia akasikiliza. Upepo ulipotawanya karatasi za muziki, Victoria alianza kuziokota mwenyewe. Kisha akaimba wimbo alioupenda katika kitabu cha Mendelssohn, na mgeni akalazimika kukiri kwamba wimbo ule ulitungwa na dada yake, Fanny. Kwa saa chache mtawala alikuwa mwanafunzi na mke, na mume alikuwa mwenyeji hasa. Ni nafasi ambayo Bunge lisingempa.

Atasema mtu kwamba binti yeyote wa jamaa bora zama zile alifunzwa piano na kuimba. Kweli, ila elimu hiyo haielezi okestra ile. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Victoria alikuwa na sikio lake kabla ya Albert: tangu 1836 alifundishwa kuimba na Luigi Lablache, nyota wa opera ya Kiitaliano, na mwaka 1835 kule York alikuwa ameiona Messiah ya Handel nzito na ya kuchosha. Nakubali, na hapo ndipo hoja inapopata nguvu. Asingekuwa na ladha yake, kumfuata Albert kwenye muziki wa Kijerumani kusingekuwa na maana yoyote. Malkia asiyezoea kuongozwa alikubali kuongozwa, na athari ikavuka ndoa yao: binti yao mkubwa alipoolewa mwaka 1858, ulipigwa muziki wa arusi wa Mendelssohn, ambao leo husikika hata makanisani Nairobi na Dar es Salaam.

Albert alifariki Desemba 1861, na Victoria hakukanyaga tena ukumbi wa tamthilia wa umma. Opera ilibidi imfuate nyumbani. Mwaka 1891, akiwa na miaka 72, aliagiza Cavalleria rusticana ya Mascagni ichezwe Windsor: kazi ya Kiitaliano, mpya kabisa, ya aina aliyoipenda kabla Albert hajamfundisha mengine.