Vibainishi vya Kiingereza katika Bonde la Ufa

Vibainishi vya Kiingereza ni maneno mafupi "a", "an" na "the", yanayotangulia nomino kuonyesha kama msikilizaji anatarajiwa kukijua kitu kinachotajwa. Huko Nakuru na Bonde la Ufa la kati, vibainishi hivi huwasumbua wanafunzi, kwa kuwa Kiswahili na Kikuyu havina maneno hayo. Kikalenjini kina maumbo mawili ya nomino, kama "lakwa" na "lakwet" kwa mtoto, lakini la pili hutumika hata mtoto asipojulikana, hivyo halisaidii sana.

Mkulima wa viazi wa Molo akisema "I bought a sack", analitambulisha gunia. Sentensi inayofuata husema "the sack", kwa sababu sasa linajulikana. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kionyeshi na kiambishi cha yambwa: "nilinunua gunia", kisha "nikaliuza gunia lile". Kati ya "a" na "an" huamua sauti, si herufi: "a university", lakini "an hour".

Ugumu halisi umo kwenye majina ya mahali. Huandikwa "the Rift Valley" na "the Mau Escarpment", ila "Lake Nakuru" na "Mount Longonot" huachwa hivyo hivyo. Chuo kikuu kilichoko Njoro ni "Egerton University". Cha Nairobi ni "the University of Nairobi", kwa sababu ya "of". Haya huitwa kanuni, ingawa mengi ni mazoea tu, na dawa yake ni kuyakariri. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE ina zoezi la kujaza mapengo, na pengo moja laweza kudai "the" pekee.