Tani za Karatasini

Kamusi zetu humwita chewa, ingawa chewa wa miamba ya Pemba na Lamu ni samaki mwingine kabisa. Tukitohoa jina lake la Kiingereza tunaangukia kwenye kodi, na hiyo ni balaa nyingine. Basi na awe chewa: samaki wa maji baridi wa Newfoundland, mashariki mwa Kanada, ambaye Wazungu walimfuata tangu John Cabot alipofika huko mwaka 1497.

Kuporomoka kwake husimuliwa kama kisa cha ulafi. Ulafi ulikuwepo. Mwaka 1968 meli za mataifa mbalimbali, nyingi zikiwa viwanda vinavyoelea, zilichangia mavuno ya zaidi ya tani 800,000. Lakini kilichonishtua mimi ni zama zilizofuata, zama za utaratibu. Mwaka 1977 Kanada ilitangaza mamlaka yake hadi maili 200 baharini, na meli nyingi za kigeni zikaondoka. Uvuvi ukawa wa leseni na masharti yake, na kila mwaka serikali ilitangaza kikomo cha mavuno. Mwaka 1978 kilikuwa tani 135,000. Kufikia 1988 kilikuwa 266,000.

Kikomo hicho kilitokana na makadirio, na makadirio yaliegemea sana kiasi ambacho meli kubwa za kukokota nyavu zilipata kwa saa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chewa hujikusanya makundi makubwa wakati wa baridi, na kadiri walivyopungua ndivyo waliobaki walivyozidi kusongamana. Nahodha mwenye mitambo ya kisasa aliwafuata hapohapo. Nyavu zilijaa kama zamani, na karatasini bahari ikaonekana ina samaki tele.

Wavuvi wa mashua ndogo waliona kingine. Wao hutega karibu na ufuo na kungoja samaki waje wenyewe majira ya joto, na katikati ya miaka ya 1980 walianza kuja wachache, tena wadogo. Walilalamika, wakapuuzwa. Mwaka 1986 chama chao kiliwatafuta wanabiolojia wake chenyewe, ambao walisema serikali inakadiria samaki kupita kiasi. Wizara haikukubali.

Mwaka 1989 wanasayansi wa serikali walifikia hitimisho hilohilo, wakashauri kikomo kishuke hadi tani 125,000. Kikawekwa 235,000. Ni rahisi kumtukana waziri wa wakati huo, lakini vijiji vizima viliishi kwa kiwanda kimoja cha samaki, na kufunga kiwanda kulionekana kwa macho kuliko upungufu ulio chini ya maji. Hata hivyo, sidhani kama hilo linamtoa lawamani.

Tarehe 2 Julai 1992 waziri John Crosbie, mwenyeji wa Newfoundland, alitangaza kufunga uvuvi huo kwa miaka miwili. Nje ya chumba alimozungumzia, mjini St. John's, wavuvi walijaribu kuvunja mlango. Watu wapatao 30,000 walikosa kazi, na fidia ya kwanza waliyoahidiwa ilikuwa dola 225 kwa wiki.

Miaka miwili ikawa thelathini na miwili, ukiacha uvuvi mdogo wa pwani ulioruhusiwa kwa vipindi. Mwaka 2024 serikali ilifungua tena uvuvi wa biashara kwa kikomo cha tani 18,000. Kwa kitoweo cha nyumbani, katika siku zilizopangwa, mtu haitaji leseni: ni samaki watano kwa siku. Mashua yenye watu wanne hurudi na kumi na watano.