Usafi wa kibuyu: Anayeanza kutengeneza mursik azingatie nini?

MURSIK, maziwa yanayochachushwa ndani ya kibuyu, ni kinywaji chenye hadhi kubwa miongoni mwa jamii za Wakalenjin katika Bonde la Ufa. Hunywewa kwa sima, huandaliwa katika sherehe, na wanariadha wanaporejea nchini na ushindi hulakiwa nacho.

Hata hivyo, anayeanza kukitengeneza mara nyingi huhangaikia maziwa na kusahau chombo. Maziwa hukaa kibuyuni kwa siku kadhaa, pengine hata wiki, bila kupashwa moto tena. Viini vyovyote vilivyosalia ndani hupata chakula, unyevu na muda wa kutosha wa kuzaana.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kuosha na kuua viini ni kazi mbili tofauti. Kuosha huondoa uchafu unaoonekana, kama vile mafuta na mabaki ya maziwa. Kuua viini hupunguza vile visivyoonekana kwa macho. Kazi ya pili haifaulu kabla ya ile ya kwanza kukamilika, kwa kuwa viini hujificha chini ya utando wa maziwa yaliyogandamana.

Kibuyu kipya huhitaji subira. Baada ya kukauka hukatwa mdomo, mbegu na nyuzi zikatolewa, na ndani kukakwaruzwa vyema. Tunda hilo huweza kuwa na kemikali chungu ambazo husababisha kutapika na kuendesha. Kwa hivyo, kijaze maji na kuyabadilisha kila siku hadi yatoke bila uchungu wowote.

Kibuyu kilichokwisha kutumika huoshwa mara tu kinapomalizwa, kabla mabaki hayajakauka. Anza kwa maji baridi au yenye uvuguvugu, kwani maji moto sana hugandisha protini ya maziwa ukutani. Kisha tumia maji moto na brashi ndefu inayofika kitakoni. Wakalenjin hutumia brashi inayotengenezwa kwa ubua wa mtende. Epuka sabuni yenye manukato na dawa ya klorini. Kibuyu kina vitundu vidogo vinavyofyonza harufu hizo na kuzirudisha katika maziwa.

Baada ya kuosha, mimina maji yanayochemka, yazungushe ndani na kuyaacha kwa dakika kadhaa kabla ya kuyamwaga. Kisha kiinamishe kibuyu juani mpaka kikauke kabisa. Unyevu ukibaki, kuvu huota, na kuvu ikishaingia katika vitundu hivyo ni vigumu kuing’oa.

Hatua inayofuata ndiyo inayoipa mursik rangi yake ya kijivu na harufu yake. Kijiti kikavu cha mti uitwao senetwet huchomwa hadi kikawa kaa la moto, kisha husuguliwa ndani ya kibuyu kote. Joto la kaa huua viini vya juu juu, nayo masizi yake hufunika ukuta wa ndani. Vumbi la mkaa lililozidi hukung’utwa. Ikumbukwe kwamba mkaa haufanyi kazi ya maji na brashi: kupaka masizi juu ya uchafu ni kuuficha tu.

Aidha, kibuyu safi hakiwezi kusafisha maziwa machafu. Maziwa mabichi huweza kubeba viini vya ugonjwa wa bruselosi na vya kifua kikuu, na uchachu pekee hauaminiki kuviua. Chemsha maziwa, uyafunike na kuyaacha yapoe kabla ya kuyamimina.

Hapa ndipo wanaoanza hutatizika. Bakteria wanaochachusha maziwa kwa kawaida hutoka katika maziwa yenyewe na katika ukuta wa kibuyu. Ukichemsha maziwa na kuunguza kibuyu, umewaua wengi wa hao wenye manufaa pia. Dawa yake ni kuongeza vijiko vichache vya mursik nzuri iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Bakteria hao hutoa asidi upesi na kuvizuia viini vingine kutawala. Lengo, basi, ni kuwapa wanaotakiwa nafasi ya kutangulia.

Mursik iliyofaulu huwa na uchachu safi na harufu ya moshi. Ukiona madoa ya waridi au ya kijani, manyoya ya kuvu, au ukinusa harufu ya uozo, imwage yote. Kuondoa sehemu ya juu pekee hakutoshi. Kibuyu kilichoota kuvu ndani au kupata ufa hakifai tena kwa maziwa.

Usafi huu una uzito zaidi katika eneo ambalo saratani ya umio imekithiri. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulipata kemikali ya asetaldehidi katika mursik, ambayo inaweza kutokana na hamira zinazoota katika maziwa. Hilo halithibitishi kwamba mursik ndiyo chanzo cha saratani hiyo, lakini ni sababu tosha ya kutoruhusu chochote kijiotee kibuyuni.

Kwa anayeanza, ni vyema kutumia kibuyu kidogo chenye mdomo mpana. Asipoweza kufikia kila pembe kwa brashi, hawezi kujua kama ni safi.