Kadiri, Wala Si Kipimo

Ilani iliyobandikwa ukutani mwa duka moja la dawa mjini Kitale, yenye kichwa kisemacho “Kipimo cha Sindano ya Bega Lililoganda”, imenikirihisha hata nikashika kalamu. Wala sina ugomvi na mwenye duka, ambaye alinakili tu alichoandikiwa, bali nina ugomvi na wale waliokaa kitako katika jopo la istilahi, wakanywa chai, wakapiga kura, kisha wakatutwika neno lenye maana mbili zisizoweza kukaa nyumba moja.

Mteja aliyenitangulia siku ile alikuwa mama wa makamo kutoka Bungoma, mkono wa kushoto ameubana ubavuni, ilivyo ada ya wenye maradhi hayo. Aliisoma ilani, akamwuliza mwuzaji, “Daktari, hicho kipimo kinafanyiwa hapa ama mpaka niende hospitali?” Kijana, mwenye adabu zake, akamjibu, “Hapana, mama, si kupimwa. Ni dozi ya sindano.” Ndipo mama alipozidi kuingiwa na wasiwasi: “Dozi? Sasa nitadungwa siku ngapi ndio nimalize?”

Maswali yote mawili yalikuwa sahihi, na lililokosa ni neno. “Dozi” tumeipata kwa Waingereza, nao waliipokea kwa njia ya Kifaransa na Kilatini kutoka Kiyunani, ambako dosis ni kule kutoa, au kile kinachotolewa. Hivyo asili yake ni tendo moja la kumpa mtu kitu. Kwetu limehama. Tangu Lodwar hata Lamu, aambiwaye “maliza dozi” hufahamu kwamba ni vidonge vyote vya siku zote alizoandikiwa, na katika tiba ya malaria au ya kifua kikuu maana hiyo ina manufaa makubwa, wala sitaki iondolewe. Ama “kipimo”, kwa kuwa ni neno la Kibantu lisilo na doa, wapenzi wa usafi wa lugha hulikumbatia bila kuuliza limekwisha kuajiriwa wapi: limeajiriwa maabara, kwenye damu, mkojo na makohozi, na mgonjwa yeyote wa Webuye au Kimilili alisikiapo hukunja mkono wa shati atolewe damu.

Mimi nilipendekeza “kadiri”, nikakataliwa. Na tulitazame basi neno lenyewe. Limetokana na qadr ya Kiarabu, ambayo ni kiasi, na thamani, na heshima, na kile alichokiandika Mola. Na ukoo wake umejaa tele katika Kiswahili, maana humo mna kukadiria na makadirio ya wahasibu, mna kadirifu, ambaye ni mtu wa wastani asiyepita mpaka, mna takdiri na kudura katika tungo za washairi wa pwani, na mna Laylatul-Qadri, usiku ambao kila Mwislamu wa mwambao anaujua hata kama hajui sarufi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalo. Ni neno ambalo ndani yake mna wingi na mna kiasi, yaani kutozidisha, na sijui istilahi gani nyingine ya tabibu ingeweza kujivunia kumwonya mwenye kuitumia kwa kule kutamkwa kwake tu.

Wapinzani wangu, ambao nitawasitiri majina, walileta hoja mbili. Ya kwanza, kwamba “kadiri” ni kiunganishi, kama katika “kadiri siku zinavyopita”. Hoja ya mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kusikiliza redio, kwa maana jina lilitangulia na kiunganishi kikazaliwa nalo. Ya pili ina uzito kidogo: kwamba kukadiria ni kubahatisha, na dawa haibahatishwi.

Lakini laiti wangeitazama dawa yenyewe! Tangu mwaka 1951, Joseph Hollander na wenzake wa Marekani walipoeleza habari za kudunga haidrokotisoni ndani ya viungo, waganga hawajapata tarakimu moja iliyoshuka kutoka mbinguni kwa ajili ya bega hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulilinganisha stiroidi iitwayo triamsinoloni, miligramu 10 na miligramu 40, ukaona nafuu kubwa zaidi kwa waliopewa 40. Kisha mwaka 2013 waganga wa Korea Kusini wakalinganisha 20 na 40, pamoja na sindano isiyo na stiroidi, wasione tofauti ya maana kati ya 20 na 40, wakashauri kuanza na iliyo ndogo. Basi 10 imepungua, 40 huenda imezidi haja, na tabibu aliye mbele ya mgonjwa mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye sukari yake yaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano, atachagua kwa busara. Hiyo siyo bahati nasibu. Ndiyo kadiri hasa, kwa maana zake zote mbili.

Wako waliosema “kiasi” latosha. Kiasi ni la sokoni; niachieni.

Tena bomba la sindano lenyewe hudanganya jicho. Mgonjwa hulitazama limejaa mililita tano akadhani ametiwa dawa nyingi, ilhali stiroidi huenda ni mililita moja tu, na zilizobaki ni dawa ya ganzi au maji ya chumvi. Ujazo si kadiri. Kadiri huhesabiwa kwa miligramu za dawa yenyewe, na chupa ya miligramu 40 kwa mililita na ile ya miligramu 10 kwa mililita hazibadilishani hata zikifanana.

Nalo “bega lililoganda” lisipite salama. Simon-Emmanuel Duplay alilieleza bega la namna hii huko Ufaransa mwaka 1872 bila kutaja baridi. Ni Ernest Codman wa Boston, mwaka 1934, aliyeliita kwa jina la barafu, na Julius Neviaser, mwaka 1945, akaonyesha kwamba tatizo liko katika utando unaokizunguka kiungo, uliovimba, ukanenepa, ukasinyaa. Wajapani, kwa hekima yao, huliita bega la miaka hamsini. Sisi tukafasiri barafu ya Codman! Kwa Mswahili huganda maziwa, samli na damu. Mgonjwa wa Bungoma atadhani damu imemganda begani, na wa Kitale, anayeamkia baridi ishukayo Mlima Elgon, atavaa sweta mbili akingoja bega liyeyuke. Jopo jingine limeleta “bega kakamavu”, sifa ya kumpa askari wa gwaride. Kitenzi kilikuwa hapo hapo, kukakamaa, nacho hutupa “mkakamao wa bega” bila kumvisha mgonjwa cheo.

Kuhusu matumizi, machache yatatosha: “kadiri” ni ya mara moja, “dozi” ibaki ya mfululizo, na katika kadi ya mgonjwa iandikwe hivi: “Mkakamao wa bega la kushoto. Triamsinoloni, kadiri miligramu 20, ndani ya kiungo, mara moja. Mazoezi ya bega yaendelee. Sindano isirudiwe kabla ya daktari kumwona tena. Mgonjwa ana sukari: kipimo kila asubuhi kwa juma moja.” Na hapo, kwa mara ya kwanza, kipimo kimewekwa panapostahili.