Neva za pua zilizovunja sheria ya Cajal

Mwishoni mwa Agosti 1937, huku polio ikizidi kuenea, wazazi wa Toronto nchini Kanada walianza kupeleka watoto wao wakapuliziwe dawa puani. Ilikuwa zinki salfeti iliyochanganywa na dawa ya ganzi, na daktari alihakikisha imefika juu kabisa ya tundu la pua, penye utando wa kunusia. Watoto karibu 5,000 walipuliziwa.

Kwa wakati ule hoja yenyewe haikuwa ya ajabu. Wataalamu wengi waliamini kwamba virusi vya polio huingia puani na kupanda hadi kwenye ubongo kwa kufuata neva za kunusa, kwa kuwa kima wa maabara waliambukizwa hivyo. Edwin Schultz wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa ameonyesha kwamba kima waliopuliziwa zinki salfeti hawakupata ugonjwa. Kwa binadamu mambo yalikuwa tofauti: virusi hivyo huingia kwa mdomo na kuzaliana kooni na kwenye utumbo, jambo lililokuja kuthibitika baadaye. Watoto waliopuliziwa waliugua kwa kiwango kilekile cha wenzao. Baadhi yao walipotewa na uwezo wa kunusa, wengine kwa muda mrefu. Leo jaribio kama hilo lisingevuka mlango wa kamati yoyote ya maadili.

Hata hivyo liliacha swali mezani: neva zilizounguzwa na dawa zinaweza kurudi?

Jibu la vitabu lilikuwa hapana. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Nobeli mwaka 1906 kwa kazi yake juu ya muundo wa neva, alikuwa ameandika mwaka 1913 na 1914 kwamba katika ubongo wa mtu mzima kila kitu chaweza kufa na hakuna kinachozaliwa upya. Mwenyewe aliiachia sayansi ya siku zijazo mwanya wa kuibadili hukumu hiyo, ila wanafunzi wa vizazi vilivyofuata walishika hukumu wakasahau mwanya. Na neva za kunusa ni neva halisi. Tangu miaka ya 1850 Mjerumani Max Schultze alikuwa ameonyesha kwamba kila seli ya kunusa ina ncha moja inayotokeza kwenye utando wa pua na uzi mwembamba unaoelekea kwenye ubongo. Hakuna neva nyingine iliyo wazi namna hiyo kwa vumbi, moshi na vijidudu. Ajabu ni kwamba watu wachache sana walijiuliza zinadumuje.

Palepale Toronto, mtaalamu wa anatomia C. G. Smith alichunguza uharibifu unaoletwa na zinki salfeti na kuchapisha matokeo mwaka 1938. Mwaka 1951 alieleza jinsi utando wa kunusia wa chura aliyekomaa, pamoja na neva zake, unavyoota tena. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1940, Mjapani Y. Nagahara alikata neva za kunusa za panya. Seli zilikufa, kisha seli za chini ya utando zikaanza kugawanyika na kuzaa nyingine. Jibu lilikuwa limepatikana. Lakini lilitolewa kwa Kijerumani, katika jarida la Japani, dunia ikiwa vitani, na likapingana na Cajal. Likakaa kabatini kwa miaka takriban 30.

Kilicholitoa ni mbinu mpya. Mnyama hudungwa thaimidini, kijenzi cha DNA, iliyotiwa haidrojeni yenye mionzi. Seli inayojiandaa kugawanyika huimeza. Seli iliyotulia huiacha ipite. Baada ya siku kadhaa utando hukatwa vipande vyembamba, hupakwa dawa ya picha na kuwekwa gizani kwa wiki kadhaa. Palipo na seli iliyozaliwa karibuni hujitokeza vidoadoa vyeusi.

Kwa mbinu hiyo David Moulton na wenzake walichunguza panya mwaka 1970. Mwaka uliofuata Pasquale Graziadei wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida alitoa matokeo ya vyura, kisha pamoja na Giuliana Monti Graziadei akageukia mamalia. Waliona vidoadoa vikianzia chini ya utando na kupanda siku hadi siku, hadi kwenye seli zilizokomaa na kutuma nyuzi zake kupitia matundu ya mfupa wa juu ya pua. Walikadiria kwamba seli ya kunusa ya panya huishi takriban mwezi mmoja. Utando ni kama paa la makuti linalobadilishwa kuti moja moja huku watu wakiendelea kuishi ndani.

Makadirio hayo ya mwezi mmoja yalipendwa mno, nayo yakageuka sheria mpya. Mwaka 1984 James Hinds na wenzake waliwafuga panya katika hewa iliyochujwa, mbali na maambukizi ya pua. Baadhi ya seli ziliishi hadi mwaka mzima. Kumbe kinachoziua mapema kwa kiasi kikubwa ni madhara ya mazingira, si saa iliyotegwa ndani yake.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba utando una akiba mbili za seli shina: moja hufanya kazi ya kila siku, nyingine hulala na kuamka pakitokea maafa makubwa. Kazi ngumu ni kupata njia. Panya ana aina takriban 1,000 za vipokezi vya harufu, na kila neva mpya lazima ifikishe uzi wake kwenye fundo la wenzake kwenye ubongo. Zikifa nyingi kwa mkupuo, baadhi hupotea njia.

Ndipo ikaja UVIKO-19, na wagonjwa wengi wakapotewa na uwezo wa kunusa. Mwaka 2020 maabara ya Sandeep Datta huko Harvard ilionyesha kwamba mlango unaotumiwa na virusi vya ugonjwa huo haumo kwenye neva zenyewe, umo kwenye seli zinazozitegemeza na kuzilisha. Mwaka huohuo kundi la Chuo Kikuu cha Miami lilichunguza, seli moja moja, vipande vya utando kutoka pua za watu waliopita miaka 40. Walikuta neva changa kwa wingi, nyingine zikiwa bado njiani kukomaa.